Kuku wanataga vizuri, lakini maganda ya mayai ni mepesi

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa mayai 45 nyumbani, Mbagala. Wana miezi 11 sasa. Tangu Januari maganda yamekuwa mepesi. Kila trei haikosi mayai manne au matano yaliyopasuka, na wiki iliyopita niliokota mawili yasiyo na ganda kabisa, utando tu. Idadi ya mayai haijashuka. Nanunua chakula cha dukani cha kuku wa mayai, ila bei imepanda, hivyo kwenye kila kilo 2 nachanganya kilo 1 ya pumba za mahindi. Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi. Dukani waliniambia niwape dawa ya OTC (oksitetrasaiklini) siku tano pamoja na vitamini. Nimewapa, sioni tofauti. Nina pia mitetea 20 wa wiki 10 wanaokula nao pamoja. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo habari kwamba idadi ya mayai haijashuka ni muhimu sana. Magonjwa yanayoharibu ganda, kama mdondo, au ile bronkaitisi ya kuambukiza ambayo wauza chanjo huiita IB, kwa kawaida huangusha utagaji ndani ya siku chache. Utaona pia mayai ya kahawia yamepauka, maganda yamekunjamana, ute umekuwa majimaji, au kuku wanakoroma usiku. Kwako hakuna hata moja. Kwa hiyo tuiache dawa, tuanze na ile kilo ya pumba.

Tupige hesabu. Ganda la yai moja hubeba gramu 2 hivi za kalsiamu. Kuku hanyonyi yote anayokula, sehemu kubwa hutoka na kinyesi, kwa hiyo ili apate hizo gramu 2 anatakiwa ale kama gramu 4 kwa siku. Chakula kamili cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, na kuku mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Ukimpa chakula hicho peke yake, anatosheka. Ukishachanganya kilo 2 kwa kilo 1 ya pumba, ambazo karibu hazina kalsiamu kabisa, kuku yuleyule akila gramu zake 120 anapata gramu 3 tu, pengine chini ya hapo. Na hiyo ni kwa chakula ambacho kiwandani kilichanganywa sawasawa.

Kuku haachi kutaga siku hiyohiyo kwa sababu ya upungufu huo. Anakopa kwenye mifupa yake. Ndiyo maana kwa muda fulani mfugaji haoni tatizo, kisha maganda yanaanza kuwa mepesi, na ukiendelea hivyo utakuta kuku ameketi hawezi kusimama, mguu au mbavu zimevunjika bila kuangukiwa na kitu. Tafadhali usifike huko. Ondoa pumba kwa hawa wanaotaga. Najua bei ya mfuko, lakini mayai manne ya kila trei unayotupa nayo yana bei yake, ijumlishe kwa mwezi uone.

La pili ni saa. Ganda hujengwa kwa karibu saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku amelala na hali kitu. Chokaa ya chakula cha mifugo iliyosagwa kama unga hupita tumboni haraka, usiku wa manane imeshakwisha. Punje kubwa za maganda ya konokono au chaza yaliyopondwa (madukani huitwa konokono tu), za ukubwa wa punje ya mtama, hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole mpaka alfajiri. Kwa hiyo weka chombo cha pembeni chenye konokono wa punje hizo kuanzia saa 9 alasiri, gramu 150 hadi 200 kwa kundi lako lote. Usiwachanganyie kwenye chakula. Kila kuku atadonoa anachohitaji, na anayetaga utamwona anakifuata chombo hicho mwenyewe jioni.

Konokono anayeuzwa kwa kupimiwa huwa amechanganyika na mchanga mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua nusu kijiko cha chai, tia kwenye glasi ya siki, acha siku mbili huku ukikoroga mara mojamoja. Konokono atatoa povu na kuyeyuka, mchanga utabaki chini. Ukiona mchanga mwingi, badilisha muuzaji. Na tafadhali, chokaa ya kupaka kuta isiingie bandani kwa kisingizio kwamba nayo ni chokaa. Ile imechomwa kwenye tanuri na inaunguza mdomo na koo la kuku. Maganda ya mayai ya jikoni yanafaa, ila yakaushe kwanza kwa moto hadi yawe makavu kabisa, kisha yaponde vizuri. Ukiwapa yakiwa na umbo la yai utawafundisha kula mayai yao, na tabia hiyo ikishaingia bandani ni vigumu kuiondoa.

Sasa tuje kwenye joto la Januari huko Mbagala. Kuku hatoi jasho, hupoza mwili kwa kuhema, na kila anapohema haraka anapoteza hewa ya ukaa ambayo mwili wake unaihitaji kujenga ganda. Juu ya hapo, joto likizidi nyuzi 30 anapunguza kula, kwa hiyo ile kalsiamu kidogo inazidi kuwa kidogo. Kama banda lina bati tupu, tandika makuti juu yake, na ukuta mmojawapo uwe wavu upepo upite. Chakula kingi wape alfajiri na jioni, jua likiwa halijakolea. Maji yabadilishwe mchana, yasichemkie kwenye ndoo juani.

Hayo maji ya kisima nayo siyaamini. Chumvi inayozidi kwenye maji hudhoofisha ganda hata pale chakula kinapokuwa kizuri, na chakula cha dukani kimeshatiwa chumvi yake. Kuku 45 wakati wa joto wanakunywa lita 10 hadi 15 kwa siku, kiasi ambacho unaweza kukipata kwenye bomba au kwa maji ya mvua. Wape hayo.

Kuhusu OTC: hiyo ni antibiotiki, haiongezi ganda. Tena kalsiamu ya kwenye chakula huishika dawa hiyo tumboni, nyingi inatoka bila kufanya kazi. Soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai hayatakiwi kuliwa baada ya dozi, na hayo usiyauze wala usiwape watoto.

Mayai mawili ya utando peke yake yasikutie hofu. Paka juu ya bati usiku anatosha kumfanya kuku aliachie yai kabla ya wakati. Yakizidi kuja kila siku hata baada ya wiki 3 za marekebisho haya, au idadi ikianza kushuka, mwite ofisa mifugo wa kata aje awaone kuku wenyewe na kadi yako ya chanjo.

Na hao mitetea 20 watenge leo. Chakula cha watagaji kina kalsiamu nyingi mno kwa kuku ambaye hajaanza kutaga, na figo zake ndizo zinazoumia. Wape chakula cha kukuzia, kile chombo cha konokono wasikifikie, na uwahamishie chakula cha mayai wakifika wiki 17 au 18, pale upanga wa kichwani unapoanza kuwa mwekundu.