Karakana ya baiskeli nyumbani: usianze na sanduku la spana

Kifaa cha kwanza nilichonunua ndicho nisichokitumia hadi leo. Ni sanduku jeusi la plastiki, ndani limejaa soketi zilizopangwa kama meno, na bisibisi ya kubadilisha vichwa. Nililitoa dukani najiona fundi tayari. Nikafika nyumbani, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikatafuta soketi ya kufungulia nati za gurudumu la nyuma. Namba 14 ipo, 17 ipo. Namba 15, ambayo ndiyo nati yenyewe, haimo.

Nina baiskeli mbili za kuhangaika nazo. Moja ni Phoenix, ile ndefu ya breki za fito badala ya waya, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ya pili ni ya mtumba, ya gia, anaendea shule kijana wangu. Kila kifaa kilichopo kwenye kona yangu leo kililetwa na shida ya mojawapo ya hizo mbili, na ndivyo ninavyokushauri ufanye: baiskeli ikwame kwanza, kisha ununue kile ilichokwamia, tena ununue kizuri.

Mahali penyewe pasikuumize kichwa. Hapa Tabora miembe tunayo. Nimefunga kamba mbili za manila kwenye tawi, moja inashika chini ya kiti, nyingine usukani, pedali zinanifika kifuani. Stendi ya chuma ya kufanyia kazi niliiona kwenye picha, nikaitamani, sijainunua. Masika nahamia kwenye boriti ya baraza. Kuipindua baiskeli miguu juu kunawezekana, ila utachubua kengele na usukani, na mgongo utakuuma kabla hujamaliza.

Spana sasa. Nina spana ya namba 15 ndefu, ya chuma kigumu, na hiyo ndiyo niliyoilipia pesa nyingi bila kujuta. Inafungua nati za magurudumu na inafungua pedali. Spana malaya, ile ya taya za kurekebisha, ninayo pia, lakini nimeiachia kazi za kushikilia upande wa pili. Taya zake zikilegea kidogo tu, inakula kona za nati, na nati ikishakuwa duara umeingia kwenye kazi ya tindo na nyundo.

Kuhusu pedali nina kovu kwenye kifundo cha mkono. Pedali ya kushoto iligoma. Nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu, nikasukuma, spana ikaruka, mkono ukaenda kwenye meno ya sproketi. Nikaikokota baiskeli hadi kwa mzee anayetengeneza baiskeli pale njia panda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hii ulikuwa unaifungua au unaikaza?"

Nilikuwa naikaza. Pedali ya kulia ina nyuzi za kawaida, ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume. Mzee ana njia yake ya kukumbuka na sijawahi kukosea tangu anifundishe: simamisha spana juu ya pedali, kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Inafunguka, kushoto na kulia. Kukaza ni kuelekea gurudumu la mbele. Na kabla ya kurudisha, paka grisi kwenye nyuzi, la sivyo mwakani mtagombana tena.

Kazi inayohitaji utulivu kuliko zote ni gololi. Mchanga wetu huu unaingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hata kama hukupita mtoni, na habu yenye mchanga inajisaga yenyewe. Kufungua kunadai spana nyembamba ya koni, ile nati ya ndani inayobana gololi, na madukani kwetu ni adimu. Mimi nilichukua spana mbili za kawaida nikampelekea mchomeleaji azipunguze unene kwa grainda. Zinafanya kazi. Chini tandika shuka kuukuu la rangi nyeupe, maana gololi ikianguka kwenye vumbi umeipoteza. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakikuuzwa na mtu: ni sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Inaokota gololi zote kwa mkupuo mmoja.

Osha koni na vikombe zinamokaa gololi kwa mafuta ya taa, ufute mpaka kitambaa kitoke safi. Gololi za zamani usizirudishe, hata kama zinang'aa. Na usichanganye mpya na za zamani, kwa sababu zile zilizolika ni ndogo kidogo, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na mpya peke yake. Kwa kawaida mbele zinaingia za inchi 3/16, kumi kila upande. Nyuma za inchi 1/4, tisa kila upande. Beba moja ya zamani kama sampuli uendapo dukani. Ukishajaza grisi na kurudisha, kaza koni kidogo kidogo huku unatikisa gurudumu. Utajua umepatia gurudumu lisipocheza kando, na ukiliachia lizunguke lenyewe taratibu hadi sehemu nzito, mara nyingi ile yenye valvu, itulie chini.

Karai la mafuta ya taa lisirudi jikoni. Nimelisema, siongezi maneno.

Kwa cheni, rula ya shule inatosha. Weka sifuri katikati ya pini, vuta cheni inyooke, hesabu kuanzia pini inayofuata hadi ya 24. Cheni mpya itakuonyesha inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, anza kuweka pesa. Ikizidi kwa milimita tatu, meno ya friwili, ile sproketi ya nyuma, nayo yameshaliwa, na ukivisha cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga mlima. Phoenix haihitaji mashine ya kukatia cheni kwa sababu ina kiungo chenye klipu, praisi inakitoa. Ukirudisha, upande wa klipu uliofumba uelekee cheni inakokwenda. Mashine niliinunua kwa ajili ya ile ya gia tu. Mafuta ni matone machache ya oili mpya ya injini, unazungusha, unafuta yote ya nje. Oili chafu ya gereji, ambayo wengi tunaipenda kwa sababu ni ya bure, inageuka kuwa gundi ya mchanga.

Matairi yaliniumiza mfuko. Ya mtumba ilitaka tairi ya 26, nikanunua ya 26, haikuingia kwa njia yoyote. Kumbe 26 x 1⅜ ina kipenyo cha ringi cha milimita 590, na 26 x 1.95 ni 559, zote zinaitwa ishirini na sita. Soma ubavuni mwa tairi namba ndogo zenye kistari, kama 37-590, na hiyo ya tarakimu tatu ndiyo uibebe dukani. Ya Phoenix ni 635. Pancha zenyewe hazina makuu: msasa, solusheni uliyoisubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka, na mikia ya vijiko viwili vya bati kutolea tairi. Bisibisi itakutobolea tyubu uliyoiziba sasa hivi.

Zipo kazi nilizozirudisha kwa mzee. Kota pini, ile inayobana krenki (mkono wa pedali) kwenye ekseli yake, ni mojawapo. Niliwahi kuigonga krenki ikiwa inaning'inia mwembeni, pini ikapinda, nguvu yote ikaenda kwenye vikombe vya gololi. Yeye husimamisha kipande cha bomba kutoka ardhini hadi chini ya krenki, anaacha nati ikiwa sawa na ncha ya pini ili nyuzi zisiharibike, kisha anapiga mara moja tu, pigo zito. Na kunyoosha ringi. Ufunguo wa spoku ninao, nageuza robo mzunguko nikiona gurudumu linagusa breki, likizidi hapo naenda njia panda.

Jumapili iliyopita alimtuma mjukuu wake kwangu. Mtoto akaamkia, akasema babu anaomba ile sumaku.