Shangazi alisema wameoana

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Filamu za kigeni zitafsiriwe kwa sauti, ziwekewe maandishi, au ziachwe zilivyo?", limenigusa pabaya. Jibu langu ni fupi: ziachwe zilivyo. Hawa wanaopandisha sauti zao juu ya sauti za wenyewe, mtu hajafungua mdomo keshasemewa, na mzaha juu, mimi wananikera.

Lakini nina kisa.

Miaka ya themanini, Michenzani, shangazi yangu alikuwa na deki ya video. Kihindi alikipata kwa kuangalia filamu tu, hana darasa. Siku hiyo ilikuwa Ek Duuje Ke Liye ya 1981. Kamal Haasan kijana wa Kitamil, Rati Agnihotri binti wa watu wa kaskazini, majirani huko Goa, hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Wazazi wanawapa sharti: mwaka mzima wasionane wala wasiandikiane. Shangazi akitafsiri huku anatafuna tambuu, sisi watoto tumejaa mkekani.

Kuna wimbo ndani ya lifti. Akasema, "Hapa hapana cha kutafsiri, anataja majina ya filamu tu." Tulimcheka! Tukamwambia leo Kihindi kimemshinda. Kisha mama mtu anachoma picha ya kijana, na binti anayakoroga majivu kwenye chai, anakunywa. Hapo shangazi hakusema neno, na mkeka mzima kimya. Mpaka leo nikiona chai ya rangi nakumbuka.

Karibu na mwisho akainuka, akazima. "Basi, wameoana. Wako Goa, wana watoto wawili. Haya, kalaleni."

Tukalala.

Mwaka 2014 nilikuwa Maskati, natia mikate tanurini Ruwi. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mtelugu wa Visakhapatnam, mji wa pwani ya mashariki ya India. Baina yetu kulikuwa na Kiarabu cha jikoni: unga, moto, haraka. Usiku mmoja nikawa napiga mluzi wimbo wa filamu ile. Akanitazama kama nimemwibia. Akatoa simu.

Kumbe ile ya Kihindi ilikuwa ya pili. Ya kwanza ni yao, ya Kitelugu, Maro Charitra, ya 1978. Mwongozaji yuleyule, K. Balachander, na Kamal Haasan yuleyule, Mtamil aliyeangukia kwa binti wa Kitelugu. Binti ni Saritha, ndiyo anaanza uigizaji. Na imepigwa nyeusi na nyeupe, wakati rangi zilikuwapo! Huko Madras, mji wa Watamil, ilionyeshwa zaidi ya mwaka mzima kwa Kitelugu chake, bila kutafsiriwa. (Haya mengi niliyasoma baadaye, Kiarabu chetu kisingeyabeba.) Hata S. P. Balasubrahmanyam, aliyeimba nyimbo nyingi za ile ya Kihindi, alikuwa Mtelugu.

Tuliiangalia juu ya magunia ya unga, bila maandishi. Kila ikifika pwani ya Bhimili anasimamisha, anagusa kioo kwa kidole chenye unga: "Bayti, bayti." Kwetu. Sikuelewa sentensi hata moja, na sikupotea hata mara moja. Nikasema moyoni, si unaona, filamu haihitaji mkalimani.

Halafu ukaja mwisho. Wanakufa wote wawili.

Nikamwambia, la, wameoana. Akatikisa kichwa kile kitikiso chao ambacho sijui ni ndiyo au hapana.

Asubuhi nilimpigia shangazi. Hakuomba radhi. "Nyinyi mlikuwa watoto," akasema, "na kesho yake skuli." Akaniuliza kama huko mikate inalipa.

Sasa nimeandika mpaka hapa na jibu langu la juu silitaki tena. Nihesabuni upande wa kutafsiri kwa sauti. Ila awe mtu anayewajua waliokaa mkekani, si wa kuuza kanda, na penye chai ya majivu anyamaze. Kwa watu wazima, mwisho wasizimiwe. Kwa watoto sijui, mimi nilipata miaka zaidi ya ishirini ya wale wawili wakiwa hai Goa, na sioni kilichoniharibikia.

Wimbo wa lifti nao nimeuchunguza. Kweli ni majina ya filamu. Hilo bado sijamwambia.