Mfundishe mbwa "lala" kabla ya kumfundisha kutoa mkono

Mtu akishaletewa mtoto wa mbwa, jambo la kwanza analomfundisha ni kutoa mkono. Watoto wanafurahi, video inarushwa kwenye WhatsApp, basi. Mkono hauna kazi yoyote. Kama unaishi Dar na geti lako linagongwa asubuhi hadi jioni, amri ya kuanza nayo ni "lala".

Mbwa wengi wa jiji hili wanafugwa kwa ulinzi: mchana mnyororo au banda, usiku wanafunguliwa. Kila mtu analijua hilo, ndiyo maana mgeni anasimama nje na kuuliza "Umemfunga?" hata kama mbwa mwenyewe ana wiki tisa na anaweza kuangushwa na upepo. Halafu kuna suala la najisi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yameenea pwani, palipoguswa na mate ya mbwa panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu yake ya Ijumaa na anawahi msikitini hana nafasi ya shughuli hiyo. Mbwa aliyeketi tu anaweza kuruka wakati wowote, na mgeni anaona kabisa kwamba anaweza. Aliyelaza tumbo chini lazima kwanza ajinyanyue, na hapo wewe umeshamuwahi.

Wangu ni wa kienyeji, anaitwa Bosi. (Jina walimpa watoto. Ukipaza sauti "Bosi, lala chini!" wapita njia wanageuka kuona nani anamtukana mwajiri wake.) Wako watakaokwambia mbwa wa kienyeji hafundishiki, mpaka ununue German Shepherd. Hilo halina ukweli. Wa kienyeji anafuata tumbo lake vizuri kabisa, na kazi hii ya kulala inaanzia tumboni.

Kwa hiyo tuanze na chakula. Ugali hautoshi, maana anaupata kila siku. Unahitaji kitu chenye harufu: firigisi za kuchemsha, au maini yaliyochemshwa kisha yakakaushwa kidogo kwenye kikaango bila mafuta, bila chumvi, na bila kitunguu kabisa kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa. Maini usizidishe, yanaharisha. Dagaa wa Mwanza ni wazuri na bei yake inavumilika, mmoja unamkata mara tatu. Wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi huko Zanzibar waache kwa mboga ya nyumbani. Kipande kimoja kisizidi ukucha wa kidole chako cha mwisho, na fundisha kabla hajala, siyo baada ya kumaliza sahani.

Sasa mkono. Chuchumaa mbele yake akiwa ameketi. Kipande kiwe katikati ya vidole, kiguse pua. Kishushe polepole, wima, mpaka sakafuni katikati ya miguu yake ya mbele, halafu kivute kidogo kuja kwako. Pua itafuata, shingo itafuata, viwiko vitashuka kimoja baada ya kingine, na mara nyingi nyonga inaangukia upande mmoja. Viwiko vikigusa chini tu, sema "Safi!" na mpe hapohapo, chini, mdomo ukiwa bado umeelekea sakafuni. Wengi wanaharibu hapa. Wanampa kipande wakiwa wameshanyanyua mkono, mbwa anasimama kukifuata, kwa hiyo anakula akiwa amesimama. Kwa hesabu zake yeye, amelipwa kwa kusimama.

Akinyanyua makalio badala ya kulala, mkono wako umeenda mbali mno au haraka mno. Ukishindwa kabisa, keti chini, kunja goti moja liwe daraja la chini, na upitishe kipande chini ya goti. Ili akifikie lazima atambae, na akitambaa ameshalala. Usimkandamize mabega. Ukimsukuma chini anasukuma juu, ndivyo mwili wake ulivyo, na viungo vya mtoto havijakomaa. Kuhusu fimbo sina mengi: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, na hata sheria isingekuwepo, mbwa aliyechapwa ili alale anajifunza kukukimbia ukiita.

Sakafu nayo ina neno. Marumaru ni baridi na mbwa wa Dar wanazipenda mchana, ila zinateleza. Viwiko vinakwenda huku na huku, mtoto anaogopa. Tandika kipande cha mkeka au gunia. Faida ya pili utaiona masika: kati ya Machi na Mei ua umelowa na hakuna mbwa anayependa kulaza tumbo kwenye tope, lakini akishazoea kwamba mkeka ndio mahali pa kulalia, unaubeba popote. Nje pima kwanza ardhi kwa nyuma ya kiganja. Kama wewe huwezi kuuacha mkono pale sekunde chache, yeye atalalaje? Mbwa hatoi jasho kama sisi, anategemea kuhema, kwa hiyo saa nane mchana siyo wakati wa shule. Asubuhi mapema au baada ya alasiri, dakika tatu hadi tano, kisha mwache. Mtoto wa mbwa analala sehemu kubwa ya siku, na akili yake inachoka kabla ya miguu.

Mpaka hapa hujasema "lala" hata mara moja, na ni sawa. Mbwa anasoma mwili wako kabla ya maneno yako. Mkono ukishamshusha bila ubishi, fanya ishara ileile mkono ukiwa mtupu, zawadi itoke mkono wa pili. Kisha anza kutamka neno kabla ya ishara: "Lala." Subiri kidogo. Mkono ushuke. Siku moja atashuka kwenye ile subira, mkono haujatikisika, na siku hiyo mpe vipande vyote ulivyobaki navyo. Kubalianeni nyumbani: dada wa kazi asiseme "chini", mtoto "lala", na baba Kiingereza. Na tamka mara moja. "Lala lala lala lala" inamfundisha kusubiri ya nne.

Kulala ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kubaki amelala, na kwetu muda wake unajulikana: mpaka salamu ziishe. Shikamoo, marahaba, hamjambo, watoto hawajambo, mama yuko wapi, mvua imewafanyaje huko. Mbwa wa kwenye video za mafunzo za Ulaya hajawahi kukutana na kitu hiki. Mimi natumia neno "haya" kumwachia: bila "haya" hajaruhusiwa kunyanyuka. Anza na kuhesabu moja kimyakimya, mpe, "haya". Ongeza pole pole, ukimpa kipande kingine akiwa bado chini. Kisha omba mtu wa nyumbani asimame getini na msalimiane kwa mazoezi, salamu ndefu, bila kumtazama mbwa. Utamwona masikio yamesimama, mkia unafagia mkeka, macho kwako, kwa mgeni, kwako. Hapo ndipo kipande kinapotakiwa, kabla hajaamua.

Ukiongeza muda, usiongeze umbali siku hiyo. Ukiongeza umbali, usilete kishawishi. Na vishawishi tunavyo: bodaboda inayopiga kelele, muuza samaki na baiskeli yake, kuku wa jirani anayepita chini ya uzio. Kuku mwache awe wa mwisho.

Haya yote yafanyike ndani ya ua wako mpaka chanjo zikamilike. Kirusi cha parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua watoto wa mbwa, kinakaa kwenye udongo miezi mingi, na barabarani hujui nani alipita. Chanjo za mwanzo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huwa akifikisha miezi mitatu. Daktari wa mifugo atakushukuru pia: sindano kwa mbwa aliyelala mwenyewe haihitaji wanaume wawili wa kumshika.

Akifika miezi sita au saba atajifanya hajawahi kulisikia neno hilo. Wote wanafanya hivyo. Rudisha firigisi ulizoanza kuzipunguza, mfunge kamba nyepesi, na geti afungue mtu mwingine ili wewe ubaki na mbwa.