Uliza Kiendeshi Kabla ya Kuhukumu Diski

Wewe unayeanza kazi ya kuhamisha kumbukumbu za watu kutoka kwenye diski, nakuandikia kutoka Lamu, ambako wateja wangu huleta sidii na dividii za harusi na maulidi zilizokaa kabatini miaka mingi katika hewa hii ya chumvi. Skripti yangu ya kwanza, yaani programu fupi ya kusoma diski, ilikuwa na pupa: ilijaribu kusoma /dev/sr0 (faili ambalo Linux hulitumia kukifikia kiendeshi, kile kifaa kinachozungusha na kusoma diski) mara moja, na ikishindwa ilitangaza kwamba diski ni mbovu. Kwa sababu hiyo nilimrudishia mama mmoja wa Mkomani dividii ya harusi ya mwanawe, nikimpa pole, kumbe kiendeshi kilikuwa bado kinaizungusha kuitambua. Alipoileta tena ilisomeka yote, na aibu ikabaki kwangu.

Katika Linux, kiendeshi chenyewe huulizwa hali yake kwa wito wa ioctl (ombi ambalo programu hukipelekea kifaa) wenye namba 0x5326, ambao katika lugha ya programu ya Python hupatikana kupitia moduli ya fcntl. Jibu huwa tarakimu moja: 0 ni kwamba hakuna taarifa, 1 hakuna diski, 2 trei iko wazi, 3 kiendeshi hakijawa tayari, na 4 diski imo. Viendeshi vingine huchanganya 1 na 2, kwa hiyo mimi huzichukulia zote mbili kuwa ombi la kuweka diski. Ile 3 ndiyo iliyoniponza. Ukiipata, subiri sekunde moja uulize tena, na uendelee hivyo hadi nusu dakika, kwani diski yenye ukungu huchelewa kutambuliwa.

Zingatia sana namna ya kulifungua faili la kifaa. Lifungue kwa O_RDONLY (kusoma tu) pamoja na O_NONBLOCK (kutosubiri kifaa kiwe tayari), kwa sababu bila hiyo ya pili kerneli, yaani kiini cha Linux, hudhani unataka kusoma data: kama trei iko wazi, kwa mpangilio wa kawaida itaivuta ndani, na kama hamna diski utapata kosa badala ya jibu. Mwenzangu aliwahi kuvutiwa trei huku angali ameshika diski juu yake. (Kompyuta za mapajani hazina kisa hiki, maana trei zake husukumwa kwa mkono.)

Hata ukipata 4, usishangilie bado. Maana yake ni kwamba diski imo, wala si kwamba inasomeka. Uliza tena kwa 0x5327: 100 ni sidii ya muziki, 101 na 102 ni data, 105 ni mchanganyiko. Sidii ya muziki haina mfumo wa faili, kwa hiyo skripti inayotafuta mafaili itaiita mbovu hata ikiwa mpya kabisa.

Ukinyimwa ruhusa kwenye Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, jiunge na kundi la cdrom badala ya kuendesha skripti kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), kisha utoke na kuingia upya ndipo ruhusa ianze kufanya kazi.