Pete ya uchumba kwa mwanamume si aibu, ila angalia madini

Mdogo wangu uliyeuliza kama ni aibu kumvalisha mchumba wako pete, wakati sisi wa Tanga tumezoea mwanamume ndiye atoe: hapana, si aibu hata kidogo. Hata hiyo ya kike tunayoiita desturi haina umri mrefu kwetu. Bibi zetu waliposwa kwa mshenga, barua ya posa na kishika uchumba, kisha mahari, mkaja wa mama na kilemba cha baba. Kupiga goti mbele ya kamera kumekuja juzi tu.

Ninalokuomba uangalie ni madini. Kama mwenzio ni Mwislamu, dhahabu kwa mwanamume ni haramu. Mnunulie ya fedha, ambayo Mtume (SAW) mwenyewe alivaa. Na kama anashika mashine au kamba, bandarini ama kwenye mashua, aivue kazini. Pete ikinasa huchuna kidole vibaya mno.

Huko Marekani wauza vito walijaribu kutangaza pete za uchumba za kiume tangu miaka ya 1920, watu wakazikataa. Kampuni ya vito ya Tiffany ikatoa zake mwaka 2021.

Mimi ningempa faraghani, halafu mshenga aje nyumbani kama kawaida. Wazee wako wakiiona pete kidoleni mwake kabla barua ya posa haijawafikia, hapo ndipo patakuwa na maneno.