Kumwandaa mgombea kwa mdahalo wa televisheni: anza na karatasi ya kesho yake

Mgeni katika timu ya kampeni akisikia mgombea ana mdahalo, hukimbilia kukusanya makaratasi: deni la taifa, bei ya unga, ahadi za manifesto. Faili linanenepa hadi linamshinda mwenyewe kulifungua. Wewe anza na karatasi moja tu, ya mambo yakiharibika. Nani atakabili waandishi wa habari mdahalo ukiisha? Nani ana ruhusa ya kusema "hapo tulikosea" bila kupigia watu kumi simu? Marekebisho yatatoka kabla ya saa ngapi?

Katika mdahalo wa tarehe 6 Oktoba 1976, Rais Gerald Ford wa Marekani alisema kwamba Muungano wa Kisovieti hautawali Ulaya Mashariki, ilhali wakati ule ulikuwa ukiitawala. Mwandishi aliyemuuliza akamfungulia mlango ajirekebishe. Ford akashikilia pale pale. Zikapita siku kadhaa ndipo akakiri waziwazi kwamba alikosea, na muda wote huo kosa la sekunde chache likabaki kuwa ndiyo habari. Kosa la neno hurekebishwa usiku uleule, kwa sentensi mbili, na anayelirekebisha ni mgombea mwenyewe.

Sasa mazoezi. Jibu la dakika moja na nusu liandikwe kwa maneno yasiyozidi 150, na lianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Anayeanza na historia hukatwa na kengele kabla hajafika penyewe. Fanyeni mazoezi kamili yasiyopungua matatu: mgombea amesimama, saa ileile ya mdahalo, taa kali usoni, mtu ameshika saa. La kwanza mnaweza kulisimamisha kila anapoteleza. La mwisho msilisimamishe hata akikwama. Ajifunze kujinasua mwenyewe.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumpata wa kuigiza mpinzani. Msimpe kijana anayemwogopa mkubwa wake, maana atauliza maswali ya kubembeleza. Mwaka 2012 Barack Obama alifanya mazoezi na seneta John Kerry akiwa Mitt Romney. Mwaka 2016 Philippe Reines, msaidizi wa siku nyingi wa Hillary Clinton, alimwigizia Clinton nafasi ya Donald Trump, na mwaka 2024 akaitwa tena kwa ajili ya Kamala Harris. Anatakiwa mtu anayeweza kumtukana bosi saa tatu usiku na asubuhi wakanywa chai pamoja.

Kunyamaza nako kuna mazoezi yake, ingawa wengi hawakumbuki. Kamera humwonyesha mgombea hata zamu ikiwa ya mwenzake. George H. W. Bush alinaswa akitazama saa yake mwaka 1992. Al Gore alisikika akishusha pumzi mwaka 2000. Mrekodi mgombea kwa simu akisikiliza matusi dakika kumi, kisha mwonyeshe video hiyo bila sauti. Atashtuka. Na poda asiikatae. Haina uanaume wala uanamke, kazi yake ni kuzuia jasho lisimetemete chini ya taa.

Kwa Kenya kuna tayarisho la ziada: mimbari tupu. Tarehe 24 Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Tarehe 26 Julai 2022 zamu ikageuka: Raila hakwenda, William Ruto akabaki na wasimamizi. Wengi hudhani hiyo ni zawadi. Si zawadi. Mpinzani akiwapo, mgombea wako hupata muda wa kupumua na kupanga jibu; asipokuwapo, kila swali ni lake na msimamizi ndiye anageuka mpinzani. Basi zoezi moja kati ya yale matatu lifanyeni bila mpinzani, maswali mfululizo dakika 90.

Saa 24 za mwisho msimwongezee takwimu yoyote. Joe Biden alikaa karibu wiki nzima Camp David, makazi ya mapumziko ya rais wa Marekani, akijiandaa kwa mdahalo wa 27 Juni 2024, akaja na sauti iliyokwaruza na majibu yaliyopotea njiani. Ilipofika 21 Julai alikuwa amejiondoa. Watu walikuwa na wasiwasi juu ya umri wake tangu zamani, na mdahalo ukauthibitisha. Hapo taarifa kwa vyombo vya habari haitibu kitu. Linganisha na Obama, aliyekosa uchangamfu kwenye mdahalo wa Denver tarehe 3 Oktoba 2012. Ubovu ule ulikuwa wa namna ya kusema, wala hakuna aliyedhani hajui kusema, kwa hiyo dawa ikawa mdahalo uliofuata, wa tarehe 16, ambako alikuja amechangamka. Kabla hamjaanza kutetea chochote, jiulizeni mna ugonjwa upi kati ya hayo mawili.

Usiku wenyewe, mchukueni mgombea simu yake, ale, alale. Timu ikate klipu mbili za nusu dakika, ndogo za kupitika WhatsApp bila kumaliza bando za watu. Asubuhi mapema awe na mtu wake katika kila redio ya lugha ya kienyeji mnayoitegemea, kwa kuwa mdahalo umeendeshwa zaidi kwa Kiingereza na huko ndiko wengi wataelezwa nani alimshinda nani. Rekodi nzima aitazame baada ya siku mbili, mara ya kwanza bila sauti.