Mafuta ya karafuu ya kuchua: moto kiasi gani unatosha

Ukiwa jikoni unatengeneza mafuta ya karafuu kwa ajili ya goti, na jirani akapita akasema nyumba yako leo inanukia, punguza moto. Hiyo harufu anayoisifu ndiyo dawa yenyewe, na inapotelea nje kupitia dirishani.

Mafuta mengi ya kuchua yanayotengenezwa majumbani, Unguja na Pemba, huharibiwa na moto. Karafuu ni nzuri na mafuta ya nazi ni safi, kisha vyote vikatiwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kukaangwa mpaka karafuu zikawa nyeusi. Kinachobaki ni mafuta ya rangi ya kahawa, machungu, ambayo kazi yake haizidi sana ile ya mafuta ya nazi matupu.

Ndani ya karafuu kuna vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni eujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Hiyo ndiyo inayotia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kutengeneza saruji ya kuzibia jino. Cha pili ni beta-kariofilini, ambayo imo pia kwenye pilipili manga na kwenye bangi. Mwaka 2008 watafiti walionesha kwamba kariofilini hushika kipokezi cha mwili kinachoitwa CB2, kinachohusika na uvimbe, na panya waliopewa walipungukiwa na uvimbe wa nyayo. Haishiki kile kipokezi chengine kinacholeta ulevi, kwa hiyo karafuu hailevyi. Lakini panya si binadamu. Mafuta ya karafuu yanaweza kupunguza maumivu ya kiungo kwa muda, na sehemu ya nafuu hiyo inatoka kwenye mkono unaochua na joto lake. Anayekuahidi kwamba yataondoa baridi yabisi, muache na chupa yake.

Sasa joto. Kwenye simu huzunguka majedwali ya joto ya watu wa nchi ambako bangi imeruhusiwa, wanaoivukiza kwa vifaa vya umeme ili waivute. Huku kwetu bangi ni kosa la jinai, lakini majedwali hayo hayo watu huyachukua na kuyatumia kwa karafuu. Yanasema kariofilini huchemka kwenye nyuzi 130 hivi. Namba hiyo ilipimwa ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, si jikoni. Kwenye hewa ya kawaida kariofilini na eujenoli zote huchemka zaidi ya nyuzi 250. Mtu akisoma 130 anadhani moto wa nyuzi 120 ni salama, hautoi kitu. Sivyo. Kanga kwenye kamba hukauka bila ya mtu kuichemsha, na mafuta ya karafuu nayo huruka polepole muda wote yanapopashwa. Tena karafuu kavu bado ina unyevu kidogo ndani. Ukipita nyuzi 100 unyevu huo unageuka mvuke na kuyabeba mafuta kwenda nayo. Kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, cha Wawi, Chake Chake, kinatumia jambo hilo hilo kwa faida: mvuke unapitishwa kwenye makonyo, mafuta yanatoka pamoja nao kwenye joto la karibu na nyuzi 100 tu, kisha vyote vinapozwa na mafuta yanatengwa na maji. Kiwandani mvuke unakamatwa. Kwenye sufuria iliyo wazi unaupoteza.

Joto la kufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo, ni nyuzi 60 hadi 70, chombo kikiwa kimefunikwa, kwa saa mbili. Chini ya hapo mafuta hutoka lakini kwa siku nyingi. Juu ya hapo hupati zaidi, unapoteza zaidi.

Vipimo: gramu 3 za karafuu kwa mililita 100 za mafuta ya nazi. Gramu 3 ni kijiko kimoja na nusu cha chai cha karafuu nzima. Kwa anayetengeneza mara ya kwanza itaonekana kidogo mno, na hapa ndipo watu wanapotia konzi nzima. Karafuu nzuri ina mafuta yake kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito, na kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa ngozi ni nusu ya asilimia moja. Gramu 3 zikitoa kila kitu zilichonacho zinakufikisha hapo hapo. Konzi nzima inakuletea ngozi nyekundu inayowasha, na huenda mwili ukaikataa karafuu kila utakapoigusa tena.

Chagua karafuu kwa ukucha: ibinye kichwani au kwenye shina, mafuta yatokeze. Isiyotoa kitu, au iliyopauka na kukunjamana kwa sababu ilirundikwa mbichi ikavunda kabla ya kuanikwa, iache ya kupikia pilau, na hata pilau utaiona tofauti. Zitwange kwenye kinu zivunjike vipande vitatu vinne, na uzitwange wakati ule ule wa kuzitumia. Usizisage unga. Unga hupita kwenye kitambaa, hutuama chini ya chupa, na mwisho wa chupa unajipaka unga mtupu wa karafuu.

Mafuta ya nazi yaliyopikwa kienyeji kwa tui mara nyingi yana maji kidogo. Yapashe kwanza peke yake kwa moto mdogo. Yatakuwa yanalia, tii tii tii. Yakinyamaza, maji yameisha. Yaache yapoe mpaka uweze kukishika chombo bila ya kitambaa, ndipo utie karafuu. Ukiruka hatua hii, baada ya wiki mbili tatu mafuta yanachacha na lawama inaangukia karafuu.

Mimina kwenye chupa kavu ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya jamu inafaa. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, chini kabisa, simamisha chupa juu yake, tia maji yafike usawa wa mafuta, funika kizibo bila ya kukikaza. Kama huna kipimajoto tazama maji: vipovu vidogo vishikamane na chini ya sufuria bila ya kupanda, na uso wa maji usicheze. Hapo uko karibu na nyuzi 70. Yakianza kucheza, funika makaa kwa jivu au ondoa mawili matatu. Gesi ni rahisi zaidi, ila moto wake mdogo kabisa mara nyingi bado ni mkubwa kwa kazi hii, na itabidi uzime na kuwasha.

Chuja kwa kitambaa kikavu cha pamba, tia kwenye chupa ya kioo yenye rangi, uiweke penye kivuli.

Usitumie plastiki. Kwa mafuta haya mepesi huenda isionekane kitu, lakini mafuta makali ya karafuu, yale matupu yanayotoka kiwandani, hulainisha baadhi ya plastiki. Ukikuta yanauzwa kwenye kichupa cha plastiki kilicholegea au kizibo kilichovimba, yaache. Mafuta makali halisi ni mazito kuliko maji: dondosha tone kwenye gilasi ya maji, ligonge kwa ncha ya kijiti, litazama kama gololi. Likibaki linaelea kama jicho juu ya mchuzi, limechanganywa na mafuta mengine. Mtihani huu hautakwambia kama ni ya karafuu yenyewe au ya makonyo, maana yote huzama. Ukiwa na mafuta makali na huna muda wa kupika, matone 10 kwa mililita 100 za mafuta ya nazi ni mwisho.

Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Kisha kijiko cha chai kwa goti moja, chua dakika kumi, asubuhi na usiku. Usilifunge goti kwa bendeji wala kuliwekea chupa ya maji moto juu yake. Usipake kwenye jeraha. Mwenye kutumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarini amuulize daktari kwanza, kwa sababu eujenoli nayo hupunguza kuganda kwa damu. Kiungo kilichovimba ghafla, kina joto na mtu ana homa, hakina mafuta. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuvuta: karafuu kwenye chetezo ni kwa ajili ya harufu. Kaa la moto linaunguza, kwa hiyo unachovuta ni moshi. Kutia mafuta ya karafuu kwenye sigara ya umeme ni hatari zaidi, mapafu huona tabu kusafisha mafuta. Marekani mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 walifariki watu 68 kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na sigara hizo, na mshukiwa mkubwa alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa ndani yake.

Chupa ya mafuta makali iandike jina na uiweke asipofika mtoto. Mililita 5 hadi 10 zilizomezwa zimewahi kuwapoteza fahamu watoto wadogo na kuwaharibu ini. Akimeza usimtapishe. Mpeleke hospitali, na chupa uichukue.